Bi Rukia na Maji ya Bawshar

Mjukuu wangu Thuraya ndiye aliyenishika mkono akanileta kwenu. Kasema, "Bibi, waambie wenzangu zamani mlikuwa mkiwatembeza vipi wageni." Nimekuoneni asubuhi pale Bandari ya Sultan Qaboos, meli imefunga kubwa kama mtaa mzima, na nyinyi mmejipanga na vibendera vyenu na vile vidude vya kusemea vilivyobandikwa shavuni. Nikacheka peke yangu. Mie kipaza sauti changu kilikuwa koo hili, na kibendera changu ni kanga nyekundu niliyojitanda.

Ya kuchekesha nnayo, lakini machache. Miaka niliyoifanya kazi hii hapa Maskati ilikuwa miaka mizito, na nikikusimulieni nusu nitakuwa nimekudanganyeni. Basi nivumilieni.

Kazi nilifunzwa Unguja na Bi Rukia binti Hamdun. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, ana sauti nzito kama ya mwanamume, na mwendo wake wa haraka utadhani anafukuzwa. Wakati ule wakija wake wa matajiri wa Kihindi kutoka Bombay, au mabibi wa Kizungu, waume zao hawakupenda waongozwe na wanaume. Wakitafutiwa mwanamke. Bi Rukia ndiye aliyekuwa akitafutwa, na mie nilikuwa jirani yake, nimesoma skuli kidogo, nnajua Kiingereza cha kuombea maji na Kihindi cha Kachi nilichookota kwa majirani. Akanichukua.

Tulikuwa na njia yetu. Tunaanza hekalu la Mabaniani mjini, kwenye kengele na harufu ya udi na maua. Halafu tunakwenda Maruhubi, jumba la kifalme lililoungua, limebaki nguzo tupu na mabirika yaliyojaa mayungiyungi. Kisha tunapanda Kidichi kwenye hamamu ya kale, kuba jeupe katikati ya minazi, ukutani kumechongwa ndege na maua, na ukisema neno mle ndani linakurudia. Wageni wakipapenda sana pale.

Siku yangu ya mwanzo kuachiwa niseme peke yangu, Maruhubi, bibi mmoja wa Kizungu akaniuliza nguzo zote zile za nini. Sikujua. Nikaona aibu kusema sijui, nikamwambia kila nguzo ilijengwa kwa ajili ya mke mmoja wa mwenye jumba. Bibi yule akafurahi, akaanza kuzihesabu. Akafika mahali akasita, akanitazama, akaniuliza, "Na hii iliyovunjika?"

Nikasema, "Huyo aliachwa."

Bi Rukia alijifunika uso kwa buibui, mabega yanamtikisika. Tulipofika nyumbani ndipo aliponigeukia. "Ukiwa hujui, sema sijui. Mgeni hakuja kukutahini, kaja kuona. Na wewe kazi yako siyo kusema, kazi yako ni kumrudisha kwao mzima."

Neno hilo la kumrudisha mzima alilitia katika kila kitu. Mgeni hateremki ngazi ya hamamu mpaka Bi Rukia mwenyewe keshateremka, maana mawe yale yana ukungu wa kijani na yanateleza kama sabuni. Kabla ya safari anauliza nani ana mimba, nani ana pumu, nani hakula. Alikuwa na ndimu na chumvi kwenye pindo la kanga, na kanga ya akiba kwa atakayelowa. Mlangoni mwa hekalu akipanga viatu vya wageni vidole vimetazama nje, ili wakitoka wavitie miguu moja kwa moja bila ya kuinama na kugongana vichwa. Jaribuni hilo. Na penye maji, akinyamaza. "Hapa waache," ataninong'oneza. "Maji yanasema yenyewe."

Ikaja Januari ya sitini na nne. Sitaki kuyaeleza ya mwezi ule. Wazee wenu majumbani wanayajua, waulizeni kwa adabu, na wakinyamaza waacheni. Mie nitasema yangu tu. Mume wangu Said alitoka alfajiri kwenda shamba kumtazama mama yake. Sikumuona tena, wala sikumzika. Bi Rukia alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana anaitwa Masoud. Na yeye akapotea wiki ile ile.

Tukaja Maskati kwenye meli moja, mie na binti yangu mchanga na Bi Rukia. Njia nzima mtoto akilia, Bi Rukia anampokea, anamtembeza, anamrudisha.

Maskati ya wakati ule siyo hii mnayoijua. Jabali jeusi mbele, jabali jeusi nyuma, na joto la tanuri katikati. Lango la mji likifungwa usiku, aliye nje kabaki nje, na aliye ndani hatembei bila ya kandili mkononi. Tukisema Kiarabu chetu, watoto wanatufuata nyuma wanatuigiza. Unguja tuliitwa Waarabu, tuliambiwa turudi kwetu. Tumefika kwetu, tukaitwa Zinjibari.

Kazi tuliipata sokoni, kwenye samaki. Bi Rukia alikuwa anamgombeza muuzaji kwa Kiswahili juu ya papa aliyeoza, na muuzaji hafahamu hata neno moja. Mama mmoja wa Kibaniani, mnene, kavaa sari ya kijivu, anapita zake, akasimama.

"Nyinyi watu wa wapi?" akauliza, kwa Kiswahili chetu khasa.

"Unguja."

"Mtaa gani?"

"Kiponda."

Mama yule akalia pale pale, mbele ya samaki na watu. Jina lake Bai Kanku. Alizaliwa Kiponda, akaletwa Maskati kuolewa na tajiri wa kwao, na hakuwahi kurudi. Siku ile ile alitupeleka nyumbani kwake. Wageni wa kike waliokuwa wakifika kwake kutoka Bombay kwa meli hawakuwa na pa kwenda wala wa kwenda naye. Bi Rukia akamwambia, "Hiyo ndiyo kazi yetu."

Basi tukaianza upya. Asubuhi tunawapeleka wageni kwa miguu kwenye hekalu lao pale Maskati mjini. Mie na Bi Rukia hatuingii, tunakaa kizingitini na viatu. Watu wetu walisema sana. Mwanamke mmoja alinisimamisha njiani akaniambia, "Umekimbia kote huko ukaja kulinda viatu vya Mabaniani?" Bi Rukia akamjibu kwa niaba yangu, "Ndiyo. Na vyako ukitaka tutavilinda."

Baada ya hekalu, ikiwa gari ipo, tunakwenda Bawshar. Gari wakati ule ilikuwa kitu cha kuonekana mara moja moja, na mume wa Bai Kanku alikuwa na Landrova, dereva wake Khalfan, kijana mwenye haraka na moyo mwema. Njia ni mawe na changarawe. Mnafika mmepigwapigwa kama kapu la viazi, na hapo mbele yenu, chini ya jabali tupu, kuna mitende, kuna midimu, kuna miembe. Na maji. Maji yanatoka kwenye mlima, yanakuja kwenye mfereji wa mawe unaoitwa falaji, yanapita shamba kwa shamba, kila mwenye shamba na zamu yake. Palikuwa na birika moja chini ya mitende, wageni wakikaa ukingoni wakitia miguu.

Mara ya mwanzo tulipofika pale, Bi Rukia aliposikia yale maji alikaa kitako chini, akavuta buibui usoni. Nikamuacha. Nikawashughulikia wageni peke yangu.

Mwenye shamba alikuwa Mzee Hamed, mtu wa Bawshar tangu na tangu, na nyinyi mnaowapeleka wageni kwenye mawadi shikeni alichotufunza. Wadi ni bonde kavu, mto usio na maji, mnalijua. Mzee Hamed akituambia, "Msitazame juu ya vichwa vyenu. Mvua ya Bawshar hainyeshi Bawshar." Akinyoosha mkono jabalini. "Inanyesha kule. Hapa jua linawaka, mtu anaanika nguo, na maji yako njiani yanakuja." Siku hizi serikali imeweka nguzo za rangi kwenye mapito, nyekundu na nyeupe, ukiona maji yamefika kwenye nyekundu usipite. Na bado kila mwaka nnasikia mtu kapita. Sisi hatukuwa na nguzo.

Bai Kanku alikuwa na mkwe anaitwa Jaya, mke wa mwanawe mdogo, msichana wa Bombay. Mpole, macho chini muda wote, hajui Kiswahili wala Kiarabu. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Siku hiyo nnayokusimulieni ilikuwa wakati wa baridi, Bai Kanku akatuita tumpeleke Jaya hekaluni kuweka nadhiri, halafu Bawshar akapumue. Bi Rukia akauliza suali lake kama kawaida. Bai Kanku akasema, "Hana kitu." Kumbe ana mimba ya tatu, na walikuwa wanaificha kwa kuogopa jicho la watu. Walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini kama Bi Rukia angejua, gari ile isingetoka.

Tukafika vizuri, Bai Kanku naye kafuatana nasi. Jaya akatia miguu majini, na kwa mara ya mwanzo nikamuona anacheka, samaki wadogo wanamdonoadonoa vidole. Bai Kanku akawa ananisimulia Kiponda, nani alikaa wapi, dirisha gani lilitazama dirisha gani. Jua linawaka. Alasiri Mzee Hamed akaja, fimbo mkononi, hakukaa.

"Jabali limefunga," akasema.

Tukatazama. Kule mbali milima haikuonekana, kumekuwa kweusi tupu. Huku kwetu hata upepo hakuna.

Bi Rukia akasimama. "Leo hatuondoki. Tunalala kwa Mzee Hamed, asubuhi tutajua."

Khalfan akanung'unika habari ya lango la mji na tajiri atasema nini. Bai Kanku, na hili nnalisema kwa ajili yake, hakubisha hata kidogo. "Sawa," akasema, "tulale." Akamwambia Jaya kwa lugha yao. Jaya akatoa miguu majini, akasimama, na sote tukaona damu kwenye sari.

Kisha Bai Kanku akaanza kujipiga kifua. "Ana mimba, Rukia. Ana mimba. Nisamehe, ana mimba."

Daktari aliyekuwa karibu alikuwa kule mjini Matrah. Na kati yetu na Matrah palikuwa na wadi.

Bi Rukia hakumlaumu. Nilikuwa nnamtazama uso, nikangojea alipuke, hakulipuka. Alimuinamia Jaya, akamtia mkono mgongoni, akamtazama ile damu ilivyokuwa. Akaniambia mie peke yangu, chini kwa chini, "Huyu akilala hapa hafiki asubuhi." Akachukua fimbo ya Mzee Hamed, akapanda gari.

Tulipofika wadini maji yalikuwa yameshaanza. Siyo mengi. Rangi ya udongo, yanapita na vijiti na makuti ya mitende. Khalfan akasema, "Ya goti tu haya. Tukisubiri yatakuwa ya kifua." Alikuwa na haki. Na kama tungekuwa hatuna mgonjwa, haki ingekuwa kurudi.

Bi Rukia akashuka, akafunga buibui kiunoni. Akaingia majini na fimbo, anapima, hatua kwa hatua, mpaka ng'ambo. Akarudi. "Pita nilipopita mie. Usiende kushoto, pana shimo." Akatangulia mbele ya gari, Khalfan anamfuata taratibu. Nnaiona mpaka leo kanga yake ya rangi ya manjano mbele ya vioo, na mkono wake unatuita, njoo, njoo.

Katikati gari ikazimika. Khalfan akapiga stata, ikakohoa, ikafa. Na hapo tukasikia sauti. Sikudhani kuwa ni maji. Nilidhani ni lori linakuja nyuma.

"Shukeni!" Bi Rukia akapiga kelele. "Shukeni nyote!"

Khalfan akambeba Jaya mgongoni. Bi Rukia akasimama katikati ya njia, kachomeka fimbo chini, kafanya mwili wake kuwa mhimili. Khalfan akapita naye, akimshika Bi Rukia begani. Akapita Bai Kanku, anaomba Mungu wake kwa sauti, maji yanamvuta sari, na Bi Rukia akaikata ile sari kwa meno na mikono ikaenda na maji, mama akafika ng'ambo na nguo ya ndani. Nikapita mie. Alinisukuma mgongoni kwa nguvu mpaka nikaanguka kwenye changarawe.

Nikageuka. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Khalfan kavua kilemba chake, kamrushia ncha, na yeye kaishika. Nnaapa kaishika. Mie nikaanza kuingia majini kumfuata.

"Usirudi!" akanipigia kelele. "Usirudi, mjinga wewe!"

Gogo la mtende lilikuja kwa pembeni. Khalfan alibaki na kilemba mkononi, kimelowa, hakina mtu.

Hatukuwa na nafasi ya kulia. Jaya alikuwa anatetemeka miguuni petu. Khalfan akakimbia mpaka kijiji cha karibu, wakaja wanaume na kitanda cha kamba, wakambeba kwa zamu njia nzima, watu wasiotujua, hawakutuuliza sisi ni nani. Tulifika hospitali ya Matrah jua limeshachomoza. Jaya walimuokoa. Mtoto hakuwako tena, na daktari alimwambia Bai Kanku kwamba hatakuja mwengine.

Bi Rukia alionekana baada ya wadi kukauka, chini karibu na pwani, wachungaji walimuona. Tulimpeleka Bawshar, Mzee Hamed alitaka iwe hivyo. Nilimuosha mie. Mume wangu sikumuosha. Mama yangu alikufa Unguja nyuma yangu, sikumuosha. Huyu nilimuosha, nikamtoa changarawe nywelini moja moja, na wanawake wa Bawshar waliokuwa wakinimiminia maji hawakuniharakisha. Alivuka yale tuliyoyavuka Unguja, akavuka bahari, akaja kufa kwenye wadi ambamo juzi yake mbuzi walikuwa wakilala. Nilikasirika na kila kitu. Nilikasirika na jabali.

Bai Kanku alikuja matangani. Akakaa chini kabisa, mlangoni, penye viatu.

"Aliniuliza," akaniambia. "Aliniuliza na mimi nikasema hana kitu."

Mngependa nikwambieni nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Alikaa mpaka alasiri, akaondoka. Kesho yake akaja tena akakaa pale pale. Siku ya tatu nikamletea kahawa.

Nikarudi kazini kwake, maana binti yangu alikuwa anataka kula na mie sikuwa na kazi nyengine. Niliwapeleka wageni hekaluni, nikakaa kizingitini peke yangu. Bawshar nilikataa. Hakuna aliyenilazimisha. Jaya alirudishwa Bombay kwa baba yake, mumewe akabaki huku, na nyumbani kwa Bai Kanku jina lake halikutajwa tena. Mzee Hamed naye akafa.

Mwaka wa sabini alipotawala Sultan Qaboos mambo yakabadilika, milango ya mji ikawa wazi, watu wetu waliotawanyika wakaanza kuja kwa makundi, na njia zikaanza kuchongwa. Mwaka huo huo meli ya Bombay ikamleta mgeni mmoja wa kike. Nikaitwa nikampokee. Alikuwa Jaya. Kanenepa kidogo, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati, na safari hii alinitazama machoni. Kajifunza Kiswahili kwa Wahindi wa Afrika waliohamia mtaani kwao, Kiswahili cha kuvunjikavunjika.

Nikamuuliza wapi anataka kwenda. Hekaluni?

"Hapana," akasema. "Yeye. Nipeleke kwa yeye."

Nilikuwa sijarudi Bawshar. Tulikwenda na Khalfan. Makaburi ya Bawshar hayana majina, kama mjuavyo, mawe tu, mawe na mawe mpaka chini ya jabali. Mtoto wa Mzee Hamed alitembea nasi, akasimama, akarudi nyuma, akasimama tena. Akasema ni hili au lile la pembeni yake, mvua zimehamisha mawe. Nilitaka kumkasirikia. Lakini hata mie mwenyewe niliyemzika sikuweza kusema ni lipi.

Jaya akauliza, "Kwenu, mtu akifika hapa, anafanya nini?"

"Anamsalimia. Anamwombea dua."

"Mimi sijui dua yenu."

"Basi mwambie wewe ni nani. Inatosha."

Akavua viatu. Akakaa kwenye changarawe katikati ya yale makaburi mawili, mkono mmoja huku, mkono mmoja huku, akasema, "Bi Rukia, mimi Jaya." Kisha akaanza kusema kwa lugha yao, polepole, maneno mengi, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwa aliyekuwa safarini muda mrefu.

Nikamwashiria Khalfan. Tukaenda kukaa mbali, garini, tukawaacha waongee.